Maswali Yenu: Prosesa za Kompyuta Kuu za Zamani Zilivyoundwa

Katika toleo lililopita safu hii iligusia kwa sentensi chache kwamba prosesa (sehemu zinazofanya hesabu na kutekeleza amri) za System/360, familia ya kompyuta kuu za kampuni ya Marekani ya IBM zilizotangazwa tarehe 7 Aprili 1964, hazikuwa na chipu za aina tuliyoizoea leo. Sentensi hizo zimezaa barua nyingi kuliko makala yenyewe, na kwa kuwa nyingi zimetoka Mtwara na Lindi, tumeona tuzijibu kwa pamoja.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, salaam. Mimi ni fundi wa redio na vikuza sauti hapa Lindi mjini. Transista nazijua, nazing'oa na kuzibandika kila siku. Ninachotaka kujua ni kama prosesa hizo zilitumia transista hizi hizi, na ilikuwaje prosesa moja ijaze kabati zima.

JIBU: Ndugu Fundi, zilikuwa transista za silikoni na kazi yake ni ile ile unayoijua ya kupitisha mkondo wa umeme au kuuzuia, lakini ungewekewa moja mezani ungeitafuta kwa lenzi. Haikuwa na kopo la bati wala miguu mitatu. Ilikuwa punje yenye upande usiofika milimita moja, iliyofunikwa kwa tabaka jembamba la kioo ili unyevu usiingie, na yenye vitone vya shaba vya kuunganishia. Punje za namna hiyo zilipinduliwa kifudifudi na kupachikwa juu ya kigae cha kauri cha mraba chenye upande wa nusu inchi. Teknolojia hiyo iliitwa Solid Logic Technology, au SLT kwa kifupi, na ndiyo iliyobeba karibu familia nzima ya System/360.

Sehemu itakayokufurahisha zaidi ni ya vipinga, yaani resista. Hazikununuliwa zikiwa tayari na kuchomelewa kama ufanyavyo wewe. Zilichapwa moja kwa moja juu ya kigae kwa rojo maalumu, kisha kigae kikapitishwa katika tanuri. Rojo likishakauka thamani ya kipinga huwa haijakaa sawa, kwa hiyo wahandisi walikichapa makusudi kikiwa na ukinzani mdogo kuliko unaotakiwa, halafu mashine ikakipulizia mchanga laini kwa kasi huku ikipima ukinzani wake. Kadiri mchanga ulivyokwangua rojo, njia ya umeme ilizidi kuwa nyembamba na ukinzani ukapanda, na ulipofika kipimo mashine ilisimama. Hapo ndipo punje za transista na daiodi zilipowekwa, kifuniko cha chuma kikafuata, na moduli ikawa tayari kuchomekwa kwenye kadi.

Kwa nini basi kabati zima? Kwa sababu moduli moja ilibeba lango moja la mantiki (saketi ndogo inayotoa 1 au 0 kufuatana na ishara zinazoingia) au machache tu, na kujumlisha biti moja, yaani tarakimu moja ya 0 au 1, na nyingine peke yake huhitaji malango kadhaa. Zidisha hayo kwa biti 32, ongeza malango ya kuchagua data iende wapi, ongeza ya kukagua makosa, na utaona moduli zinavyofika maelfu. Moduli zilikaa kwenye kadi ndogo, kadi zikachomekwa kwenye bodi kubwa, na bodi zikapangwa katika fremu ndefu zilizounganishwa kwa nyaya. Nyaya hizo hazikufungwa kiholela, kwani umeme hauwezi kwenda zaidi ya sentimita 30 hivi katika nanosekunde moja (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), na katika mashine inayohesabu muda wake kwa nanosekunde, waya uliozidi urefu huchelewesha ishara kiasi cha kuharibu hesabu.

Kuna watu wanaoicheka IBM kwamba iliogopa saketi unganifu, yaani chipu moja yenye transista nyingi ndani yake, wakati zilikwishaanza kuuzwa, na ni kweli kwamba mshindani wake RCA alizitumia katika baadhi ya mashine za Spectra 70 alizozitangaza mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1964. Kwa maoni yangu IBM haikukosea. Ilihitaji moduli kwa mamilioni, za bei nafuu na zisizoharibika ovyo, na SLT ilimpa hayo yote mapema.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari wilayani Masasi. Nimesoma kwamba mashine ndogo ya familia hiyo, Modeli 30, ilijumlisha biti 8 tu kwa mara moja, ilhali programu zake zilitumia namba za biti 32, na programu zizo hizo ziliweza kuendeshwa na mashine kubwa bila kubadilishwa. Nimewaeleza wanafunzi wangu na wamenibishia. Je, inawezekanaje?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamebisha mahali panapostahili, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha muundo wote.

Gene Amdahl, Gerrit Blaauw na Fred Brooks, waliokuwa vinara wa usanifu wa System/360, walitenganisha mambo mawili ambayo kabla ya hapo yalichanganywa. Jambo la kwanza ni ahadi anayopewa mwandishi wa programu: kwamba atakuta rejista (nafasi za kushikilia namba zinazofanyiwa kazi) 16 za biti 32 kila moja, rejista 4 za namba zenye desimali za biti 64, baiti ya biti 8, anwani za biti 24 zinazofikia baiti milioni 16 na ushee, na orodha ya amri zenye maana isiyobadilika. Jambo la pili ni namna nyaya na transista zinavyotimiza ahadi hiyo. Ahadi ilikuwa moja kwa familia nzima. Utekelezaji uliachwa mikononi mwa wahandisi wa kila modeli, waliokuwa hata katika nchi tofauti, kwani Modeli 30 iliundwa Endicott katika jimbo la New York na Modeli 40 iliundwa Hursley, Uingereza.

Tuchukue hesabu ya karani wa chama cha msingi anayejumlisha korosho za wakulima wawili, mmoja kilo 1,000 na mwingine kilo 300. Katika kumbukumbu, kila namba imekaa katika baiti 4. Elfu moja ni 3 mara 256 na kubaki 232, kwa hiyo baiti zake, kuanzia kubwa, ni 0, 0, 3 na 232. Mia tatu ni 1 mara 256 na kubaki 44, kwa hiyo baiti zake ni 0, 0, 1 na 44. Modeli 50, yenye kijumlishi cha biti 32, huzichukua namba hizo nzima nzima na kuzijumlisha kwa mpigo mmoja. Modeli 30 huanza na baiti ya mwisho: 232 na 44 ni 276, ambayo haienei katika baiti moja, kwa hiyo huandika 20 na kubeba 1. Kisha huchukua 3 na 1, huongeza ile 1 iliyobebwa, na kuandika 5. Baiti mbili zilizobaki ni sifuri tupu, lakini nazo lazima zipitiwe, kwa sababu mashine haiwezi kujua mapema kwamba ni tupu. Jibu ni 5 mara 256 na kuongeza 20, yaani 1,300. Ni kanuni ile ile ya kubeba unayowafundisha watoto ubaoni, isipokuwa nafasi zinahesabika kwa 256 badala ya 10.

Programu ya karani imesema amri moja tu, "jumlisha". Mizunguko yote minne imefanyika chini yake, na yeye hana habari. Hata zile rejista 16 alizoahidiwa, katika Modeli 30 hazikuwa saketi za transista. Zilikuwa sehemu maalumu ya kumbukumbu ya pete za sumaku, yaani vipete ambavyo kila kimoja hutunza biti moja. Kila aliposema "rejista ya 5", mashine ilikwenda kuchota baiti zake moja moja kutoka huko.

Sasa nani anayeiongoza mashine ndani ya amri moja, akiiambia chota hiki, jumlisha, weka kile, rudia? Ni programu nyingine, ndogo na ya siri, iitwayo maikroprogramu. Wazo hilo lilitolewa na Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1951, na yeye na wenzake wakalitumia katika kompyuta yao ya EDSAC 2 iliyoanza kazi mwaka 1958. Badala ya kufuma msitu wa malango yatakayoamua kila hatua, unaandika hatua hizo kama orodha katika kumbukumbu isiyofutika. Kila mstari wa orodha una biti nyingi, na kila fungu la biti linashika kazi yake: hizi zinachagua data itoke wapi, hizi zinakiambia kijumlishi kifanye nini, hizi zinasema matokeo yaende wapi, na nyingine zinataja mstari unaofuata.

Katika Modeli 30 mistari hiyo iliandikwa kwenye kadi za plastiki ya Mylar, zenye umbo na ukubwa ule ule wa kadi za kutobolewa zilizotumika maofisini, ila hizi zilichapwa vipande vidogo vya shaba. Kila kadi ilibeba mistari 12, na kila mstari ulikuwa na biti 60. Palipo na shaba palifanya kapasita (vibamba viwili vinavyopitishiana ishara bila kugusana) na bodi iliyokuwa nyuma yake, na umeme ukipigwa ishara ndogo ilipenya, ikasomeka kuwa 1. Palipotobolewa hapakuwa na kapasita, pakasomeka 0. Ili kadi zigusane vizuri na bodi zilikandamizwa kwa mifuko iliyojazwa hewa. Fundi aliyetumwa kurekebisha kosa katika muundo wa prosesa aliweza kuja na kadi mpya mkobani, akatoa ya zamani na kupachika yake, na amri za mashine zikawa zimerekebishwa bila kukata waya hata mmoja.

Wahandisi wa Hursley walichagua njia nyingine kwa Modeli 40. Wao walitumia transfoma ndogo nyingi na tepu za Mylar zenye njia za shaba. Njia iliyopita ndani ya kiini cha transfoma ilitoa 1, na iliyopita pembeni yake ilitoa 0. Modeli 50 na 65 zilirudi kwenye kapasita, kwa muundo wa kasi zaidi.

Jambo hili lote lilikuwa na sharti moja, nalo ni kwamba orodha isomeke haraka kuliko kumbukumbu kuu, la sivyo mashine ingeshinda ikisubiri kuambiwa cha kufanya. Kadi za Modeli 30 zilisomeka kila baada ya nanosekunde 750, na kumbukumbu yake ya pete ilihitaji nanosekunde 1,500 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo hatua mbili za maikroprogramu zilienea katika mzunguko mmoja wa kumbukumbu. Tofauti hiyo ina sababu yake ya kifizikia. Pete ya sumaku ukiisoma unaifuta, kwani njia pekee ya kujua ilikuwa 1 au 0 ni kuilazimisha iwe 0 na kusikiliza kama imegeuka, na baada ya hapo unapaswa kuiandika upya. Kadi ya shaba haifutiki, kwa hiyo hakuna kinachorudiwa.

Bei ya Modeli 30 kuwa mashine ndogo ililipwa mahali pengine. Modeli 30 haikuwa na saketi za kutosha kushughulikia vifaa vya nje peke yake, hivyo njia ya data ile ile ya prosesa ndiyo iliyotumika kupokea herufi kutoka kwa visoma kadi na vituo vya mawasiliano. Data ilipobisha hodi, hesabu ilisimama kidogo.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanafunzi wa umeme katika chuo cha ufundi Mtwara. Kama maikroprogramu inaongeza hatua, kwa nini wasingefunga nyaya moja kwa moja ili mashine ziwe na kasi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Walifunga, lakini kwa mashine za juu tu. Modeli 75 iliongozwa na saketi za nyaya moja kwa moja, na mashine za namna hiyo ndizo zilizotumiwa na NASA mjini Houston katika safari za Apollo. Modeli 91, iliyoanza kufika kwa wateja mwaka 1967, ilikwenda mbali zaidi: mzunguko wake ulikuwa wa nanosekunde 60, na katika sehemu yake ya hesabu za desimali Robert Tomasulo alibuni utaratibu wa kuziacha amri zilizo tayari zitangulie zile zinazosubiri data. Utaratibu huo ungali ukifundishwa vyuoni, na nakushauri uutafute.

Mashine za nyaya zilikuwa ghali kuunda na ngumu kurekebisha. Zaidi ya hapo, kulikuwa na sababu ya kibiashara ambayo vitabu vya uhandisi huipita upesi. Wateja wengi wa IBM walikuwa na kompyuta ya 1401 na programu zake walizozigharimia kwa miaka, na mwishoni mwa 1963 kampuni ya Honeywell iliwatolea mashine iitwayo 200 iliyoweza kuzipokea programu hizo. IBM ingewaambia wateja waandike kila kitu upya, wangehama. Kwa maikroprogramu, Modeli 30 iliongezewa orodha nyingine iliyoifanya ijifanye 1401, ikiwa na amri na tabia zake zote, na ikaziendesha programu hizo za zamani kwa kasi kuliko 1401 yenyewe. Hayo usingeyafanya kwa nyaya bila kujenga mashine ya pili ndani ya ile ya kwanza. Ukiniuliza mimi, sifa wanazopewa waliobuni Modeli 91 ni za haki, lakini aliyefanya mashine ya biti 8 itimize ahadi ya biti 32 na bado iigize mashine nyingine alikuwa na kazi ngumu zaidi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mashine hizo zingeweza kufanya kazi hapa Mikindani, kwa joto hili na hewa hii ya chumvi?

JIBU: Zingefanya kazi ndani ya chumba chenye viyoyozi visivyozimwa, na si vinginevyo. Maelfu ya moduli hutoa joto lake, na pete za sumaku nazo hubadili tabia joto linapobadilika, kwa maana mkondo uliotosha kuzigeuza asubuhi unaweza kuzidi au kupungua mchana. Mashine kubwa kama Modeli 91 zilipozwa kwa maji. Unyevu ungeleta taabu ya namna yake katika kadi za karatasi, ambazo hunywa maji ya hewani, zikavimba na kukwama katika kisomaji. Kuhusu chumvi, yeyote anayefungua vifaa vya umeme katika pwani hii anajua jinsi upepo wa kusi unavyoviharibu viunganishi, na prosesa yenye kadi nyingi za kuchomeka ina viunganishi visivyohesabika.

Kwa kuwa umetaja hatari, nikuongezee jambo. Kwenye paneli ya mbele kulikuwa na kishikio chekundu cha kuvuta wakati wa dharura, kilichokata umeme wa mashine nzima. Kikishavutwa hakikurudishwa na mwendeshaji. Lazima fundi aitwe, afungue paneli na kukiachia. Ni uamuzi wa busara, maana aliyevuta kwa sababu ya moshi asijaribu kuwasha tena kabla ya mtu kuona kilichoungua.

SWALI: Je, kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilikuwa ya aina hii? Karani mstaafu, Nachingwea.

JIBU: Hapana, mzee wangu. Iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965 ilikuwa ICT 1500 ya kampuni ya Uingereza, na kwa undani ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyobandikwa jina jingine. Nayo ilitumia kumbukumbu ya pete za sumaku, lakini herufi zake zilikuwa za biti 6 na hesabu zake ziliendeshwa kwa tarakimu za kumi, kama mashine nyingi za kihasibu za wakati huo. Mashine chache zilifuata, kabla serikali haijapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974. Baiti ya biti 8 tunayoihesabu leo katika simu zetu ilienea kwa nguvu ya System/360.

SWALI: Katika kompyuta ya mapajani ninayoandikia barua hii, kuna chochote kilichobaki cha muundo huo? Msomaji, Shangani, Mtwara.

JIBU: Kipo, na pengine kimekwisha kubadilishwa bila wewe kujua. Kadi za Mylar hazikudumu. Katika System/370, iliyotangazwa mwaka 1970, baadhi ya modeli zilianza kuweka maikroprogramu katika kumbukumbu inayoandikika, ambayo hupotea umeme ukikatika. Ilibidi ipatikane njia nyepesi ya kuipakia upya kila asubuhi na ya kuwatumia wateja marekebisho kwa posta, na kwa haja hiyo IBM ikatoa mwaka 1971 diski laini ya inchi 8. Kwa hiyo zile diski ambazo wengi wetu tulizitunzia barua na mitihani zilizaliwa kwa ajili ya prosesa. Prosesa za Intel, kuanzia Pentium Pro ya mwaka 1995, hukubali marekebisho ya maikroprogramu kila kompyuta inapowashwa. Ukitaka kuliona jambo hilo mwenyewe katika kompyuta yenye mfumo wa Linux, fungua faili la /proc/cpuinfo na utafute mstari ulioandikwa microcode. Namba iliyo mbele yake ni toleo la orodha inayoiongoza prosesa yako wakati huo.